Kompaila gani inatoa programu ndogo na yenye mbio? Leteni vipimo, lakini mseme mlivyopima

MzeeWaTerminali (mwanzisha uzi)

Wasee, ubishi wa kompaila (programu inayogeuza kode kuwa programu ya kuendeshwa) humu ndani hauishi. Mmoja anasema GCC ni ya wazee, mwingine anaapa kwa Clang, wa tatu anaingia na Rust kama mhubiri wa basi la asubuhi. Halafu mtu anatupia picha ya terminali, "yangu KB 16, yako MB 2", na watu wanapiga makofi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnishambulie vizuri: ukubwa wa faili na mbio za programu ni maswali mawili mbali mbali. Na kwenye hilo la ukubwa, kompaila yenyewe huwa na lawama kidogo sana.

Chukueni programu ya mstari mmoja wa `puts`, inasalimia dunia na kufunga. Ikompaili na GCC kwenye Linux ya biti 64 bila mbwembwe. Utapata faili ya KB 16 hivi. Sasa piga `size` kwenye hiyo faili: sehemu ya text ni KB moja na ushee. Hizo nyingine ni nini? Kwa sehemu kubwa ni sufuri tupu. Linka (inayounga vipande kuwa faili moja) hupanga vipande vya faili vianzie kwenye mipaka ya kurasa za memori, baiti 4096 kila ukurasa, na pengo linalobaki katikati hujazwa sufuri. Ongeza majedwali ya alama na kode inayotayarisha mambo kabla `main` haijaitwa. Kile ulichoandika kwa mkono wako ni baiti chache mno. Toa GCC weka Clang, namba haisongi sana, maana kwa kawaida zote mbili zinatumia linka ile ile ya mfumo na maktaba ile ile ya C.

Sasa ongeza `-static` (maktaba ziingie ndani ya faili yenyewe). Faili inaruka hadi KB 800 na zaidi. Kompaila haijabadilika, ila glibc (maktaba ya C ya Linux nyingi) imehamia ndani na mizigo yake yote. Chukua kode hiyo hiyo, iunge na musl (maktaba nyingine ya C, ndogo) badala ya glibc, bado static, umalizie na `strip` (inayofuta majedwali ya alama): unashuka chini ya KB 50. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 15 na bado ni GCC ile ile.

Kwa hivyo anayeleta namba hapa aseme toleo la kompaila, flegi alizotumia, maktaba gani ya C, na kama amepiga `strip` au la. Bila hayo ni kelele.

NgongRd_Go

Mzee umeanza vizuri ila sisi watu wa Go umeturukia. Ni kweli programu tupu ya Go inacheza kwenye MB 2. Lakini ndani kuna kizoa taka cha memori, kipanga zamu cha goroutine, maelezo ya aina zote za data, na majedwali ya kukuonyesha mstari gani umeanguka programu ikilipuka. Hiyo gharama unailipa mara moja. Programu ikiwa mara mia ya hiyo, faili haiwi MB 200.

Ukiona bado ni kubwa, `-ldflags="-s -w"` inaondoa jedwali la alama na data ya kudibagi, na unaona tofauti ya maana papo hapo.

Na kitu ambacho watu wa KB 16 hawasemi: hiyo KB 16 yenu haitembei peke yake. Kuna jamaa wa timu yetu alikompaili kitu cha C kwenye Ubuntu 22.04, akakipeleka kwa seva ya mteja iliyokuwa bado 20.04. Jibu: `version 'GLIBC_2.34' not found`. 20.04 ina glibc 2.31, basi mambo yakaishia hapo, usiku, mteja akiwa kwa simu. Ya Go nikiweka `CGO_ENABLED=0` (isiunge maktaba ya C) naipandisha na `scp` na inaamka.

mgeni_wa_jumatatu

Kwani mnabishana nini na jibu liko wazi? Hii hapa, GCC na Clang zote mbili `-O2` (kiwango cha kawaida cha kuboresha kasi), n ni bilioni moja:

```
int main(int c, char **v) {
    unsigned long n = atol(v[1]), s = 0;
    for (unsigned long i = 0; i < n; i++) s += i;
    printf("%lu\n", s);
}
```

GCC imechukua karibu theluthi ya sekunde. Clang hata sijaona ikianza, imeshamaliza. Ni mara mia kadhaa. GCC iende ikapumzike.

Kompyuta_ExUK

😂😂 mgeni karibu sana. Mzee anakuja, shikilia kiti.

MzeeWaTerminali

Mgeni, asante kwa kuweka kode. Wengi wanaweka namba peke yake. Sasa fanya hivi: `objdump -d` (inaonyesha maagizo ya prosesa) kwenye ile ya Clang, utafute `main`. Utatafuta lupu, hutaiona. Imeondolewa.

LLVM, injini iliyo ndani ya Clang, iko na sehemu inayofuatilia vile namba inabadilika kila mzunguko. Ikaona `s` inaongezewa 0, 1, 2, 3 hadi n-1, ikatambua kwamba mwisho wa yote jibu ni n(n-1)/2, ile fomula ya mfululizo ya kidato cha tatu. Ikaandika kuzidisha kumoja na kusogeza biti kumoja, basi. GCC imebaki na lupu na kuizunguka mara bilioni moja. Ukiipa Clang n mara kumi ya hiyo, muda hautabadilika hata kidogo. Hapo ndipo unajua umepima fomula, hujapima kasi ya kode.

Sikatai, huo ni ujanja halisi na Clang inastahili sifa yake. Lakini ni nani humu analipwa kujumlisha namba kutoka 0 hadi bilioni? Programu yako ya kazini inasoma hifadhidata, inapasua maandishi, inasubiri mtandao. Huko hakuna fomula ya kuokoa mtu.

Na ungesahau huo mstari wa `printf`, mambo yangekuwa mabaya zaidi: zote mbili zingeona `s` haitumiki popote, zingefuta lupu yote, halafu ungekuja kutuambia zimetoka sare kwa sekunde sufuri. Kuna wengine pia wanalinganisha kwa `-O0` (bila kuboresha chochote). Hapo kila kigeu kinaandikwa kwenye memori na kusomwa tena kila mara ili dibaga ikione. Hakuna anayesafirisha hiyo kwa mteja, kwa hivyo kasi yake haimhusu mtu.

Ukitaka kipimo chenye nyama, chukua SQLite. Inapatikana kama faili moja ya C yenye mistari zaidi ya laki mbili, na kwenye kode yake kuna programu ya kupimia inayoitwa `speedtest1`. Kompaili mara ya kwanza na GCC, ya pili na Clang, flegi zilezile, endesha. Hiyo inafanana na kazi.

Turbo_wa_Zamani

Vijana mnajivunia KB 16 za kusalimia dunia. Turbo Pascal 3.02 ya 1986, kompaila pamoja na edita yake ya kuandikia, yote ilikuwa baiti 39,731. Kompaila nzima! Nimemaliza, endeleeni.

BintiRongai

Mwalimu wetu Mzee, nisaidie mimi wa Android. Niko na maktaba ya C++ ndani ya app, `.so` (faili ya hiyo maktaba) imefika MB kadhaa, na watumiaji wangu wengi wako na simu za bei ya chini. Mtu ananunua bando la siku, nimwambie adownload app yangu nusu ya bando iishe? Hawezi. Nimesoma mahali kwamba GCC inatoa faili ndogo kuliko Clang. Narudije GCC kwa NDK (zana za Android za C na C++)?

MzeeWaTerminali

Dada, huo mlango ulifungwa. NDK iliondoa GCC tangu r18, 2018, imebaki Clang. Kwa hivyo wewe ushindani wa kompaila haukuhusu, una flegi na maktaba tu, na huko ndiko kilo ziko.

Anza na `-Oz` (ya kutafuta udogo) badala ya `-O2` kwa kode isiyo ya moto, yaani isiyoendeshwa mara nyingi. Halafu `-ffunction-sections -fdata-sections` upande wa kompaila na `-Wl,--gc-sections` upande wa linka: kila fanksheni inawekwa kwenye kijisehemu chake, na linka inatupa isiyoitwa na yeyote. Lakini haitatupa kitu kama kinaonekana kutoka nje ya `.so`, na kwa kawaida kila kitu kinaonekana. Kwa hivyo weka `-fvisibility=hidden` na ufungue zile chache za JNI (zinazoitwa kutoka Java) pekee. Watu wengi wanaweka gc-sections, hawaoni mabadiliko, wanasema haifanyi kazi. Sababu ni hiyo.

La pili, usitume `.so` za prosesa zote kwa kila simu. Ukipandisha kwa mtindo wa App Bundle, simu ya biti 32 inapokea ya biti 32 tu. Na kumbuka kinachokula bando ni faili ikiwa imebanwa kwa kudownload, si ile unayoona kwenye diski yako. Pima hiyo.

Kompyuta_ExUK

Na UPX, ile ya kubana faili za programu, je? Inabana faili hadi nusu au chini ya hapo.

MzeeWaTerminali

Inabana kwenye diski. Ikianza inajifungua kwenye memori, yote kwa mpigo, badala ya mfumo kuleta kurasa zinazohitajika tu. Kwa APK ambayo tayari imezipiwa hupati kitu cha maana. Na kwa Windows antivairasi nyingi zinaitilia shaka, maana walioandika virusi nao waliipenda. Mimi kwa mteja siiweki.

Luthuli_Chipu

Nyinyi mnaongea MB, mimi niko dunia nyingine. Chipu yangu ni ATmega328P, ile ya Arduino Uno: flashi KB 32, na RAM ni KB 2. KB mbili! Hapa ukubwa si suala la ladha. Ikizidi haingii, na hakuna wa kumlilia.

Kazi yenyewe: kipimo cha maji ya tanki kwa ploti moja ya kupangisha. Maji yakija usiku wa zamu, kearteka (mtunza nyumba) aone kwa kiskrini tanki iko wapi bila kupanda juu. Kijana aliyeanza hiyo kode aliweka umbali kama `float`, akazidisha, akagawanya, akachapisha kwa `printf`. Kwanza kiskrini kilimwonyesha alama ya kuuliza, kwa sababu `printf` ya kawaida ya AVR haina uwezo wa desimali. Akaongeza `-lprintf_flt` ikaonyesha namba, na flashi ikapanda kwa fujo. Hiyo prosesa haina maunzi ya desimali. Haina hata maagizo ya kugawanya. Kila `float` inaleta kode ya maktaba ya kuiga hesabu hiyo kwa namba nzima.

Tulitupa `float` zote. Umbali sasa ni milimita, namba nzima ya biti 16, na asilimia ya tanki tunaipata kwa kuzidisha kwanza kisha kugawanya mara moja (kule kwa kuzidisha unapanda biti 32, la sivyo inafurika). Maandishi ya kiskrini tukayazungushia `F()` yakae kwa flashi yasile RAM. Kompaila hatukugusa, ilikuwa avr-gcc (GCC ya chipu hizi) na `-Os` (ya kupunguza ukubwa) mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo Arduino inatumia bila kuulizwa.

Kitu kingine: chipu hii haina kache. Agizo nyingi zinachukua mzunguko mmoja au miwili wa saa, kwa hivyo kode fupi huwa pia ndiyo ya haraka, isipokuwa kwenye lupu unazoweza kuzikunjua (kuandika mizunguko kadhaa mfululizo). Mkija huku msilete mazoea ya laptopu.

mgeni_wa_jumatatu

Sawa, nimeelewa kuhusu lupu. Lakini `-O3` lazima iwe mbele ya `-O2`, si ndio maana ya namba kupanda? Na `-march=native` (kompaila itumie maagizo yote ya prosesa ya mashine hii) pia niweke?

Kompyuta_ExUK

Hiyo ya native niachieni, inanihusu. Nilikompaili programu ya stoo kwenye laptopu yangu mpya na `-march=native`, nikaipeleka kwa mteja mjini. Yeye ako na dekstopu za ex-UK, i5 za kizazi cha tatu, mashine nzuri tu. Nikabofya: `Illegal instruction (core dumped)`. Mteja anakuangalia, wewe unaangalia kibodi. Laptopu yangu ina AVX2 (maagizo ya kuhesabu namba nyingi kwa mpigo), na kizazi cha tatu kina AVX ya kwanza tu. AVX2 ilikuja na Haswell 2013.

Kwa kazi za kuuza naweka `-march=x86-64-v2`. v3 inadai AVX2, kwa hivyo uliza kwanza mteja alinunua wapi mashine 😂. Kama kuna fanksheni moja inayobeba kazi yote, GCC iko na `target_clones`: inatengeneza nakala kadhaa za fanksheni hiyo na kuchagua inayofaa programu ikianza. Faili inanenepa kidogo lakini unalala.

MzeeWaTerminali

Kuhusu `-O3`, mgeni. Inakunjua lupu zaidi na kumeza fanksheni nyingi ndani ya zinazoziita. Kode inakuwa ndefu. Kache ya maagizo ya ngazi ya kwanza kwenye prosesa nyingi ni KB 32 kwa kila kiini, kode ya moto ikizidi hapo, unalipa kuisubiri. Ndiyo maana kuna programu ambazo `-Os` inazishinda `-O3`, na kuna nyingine, za hesabu nzito kwenye safu ndefu, ambapo `-O3` inaondoka na hutaifikia.

Lakini mimi hata kabla ya hapo nauliza: hiyo tofauti unayoiona ni ya kompaila kweli? 2009 mtafiti Mytkowicz na wenzake walionyesha kwamba ukibadilisha tu ukubwa wa vigeu vya mazingira vya Unix, au mpangilio wa faili unapolinki, mbio za programu zinasonga vya kutosha kugeuza hitimisho. Yaani jina refu la mtumiaji kwenye mashine moja linaweza kukupa "ushindi". Stack (memori ya vigeu vya fanksheni) inaanza mahali pengine, kode inaangukia mistari mingine ya kache, basi.

2013 watafiti Charlie Curtsinger na Emery Berger wakatengeneza Stabilizer, kitu cha kuchanganya mpangilio wa kode, stack na hipu upya mara kwa mara programu ikiwa inaendelea, ili bahati ya mpangilio ijifute. Wakapima LLVM kwa SPEC CPU2006, seti ya programu za kupimia. Kati ya `-O2` na `-O3` hawakupata tofauti ya kuweza kutenganishwa na kelele. Hiyo ni LLVM ya wakati huo, sisemi ya leo ni hivyo hivyo. Nasema kama kwa maabara ilipotea kwenye kelele, wewe na laptopu iliyo mapajani, feni inalia, Chrome ina tabo arobaini, usiniletee asilimia mbili.

Chomeka chaja, maana kwa betri prosesa nyingi hushusha kasi. Funga kila kitu. Endesha kwa `hyperfine --warmup 3` (programu ya kupima muda) uangalie upana wa vipimo kabla ya wastani. Kama upana ni mkubwa kuliko tofauti ya kompaila zako mbili, huna habari ya kutupa.

SaccoKode

Nami niongeze moja ya kuepuka: `-Ofast`. Inaleta `-ffast-math`, na hapo kompaila inaruhusiwa kupanga upya kujumlisha kwako. Kwa desimali (a+b)+c si lazima iwe sawa na a+(b+c). Nilikuwa na kode ya kujumlisha riba kwa mbinu ya Kahan, ile ya kubeba kosa dogo hadi hatua ifuatayo. Kialjebra lile kosa ni sufuri, kwa hivyo kompaila ikalifuta. Kasi ikapanda, senti zikaanza kupotea. Hata `isnan` (inayouliza kama jibu si namba halali) inaweza kukujibu hapana siku zote. Pesa sasa tunaihesabu kwa senti, namba nzima.

NgongRd_Go

Kwa pesa hata bila fast-math usiweke `float`, ndugu yangu.

SaccoKode

Niliikuta hivyo. Lakini sawa.

mgeni_wa_jumatatu

Nimejaribu SQLite. Zimepishana kidogo sana, na nikirudia zinabadilishana nafasi. Kwa ukubwa pia `-O2` za GCC na Clang zimekaribiana, `-Os` ndiyo ilishusha kwa kuonekana. Sasa nichague gani?

MzeeWaTerminali

Ile yenye ujumbe wa makosa unaouelewa haraka, halafu kwenye mfumo wako wa majaribio ukompaili na zote mbili, maana kila moja inaona maonyo ambayo mwenzake haoni. Ukihitaji kasi zaidi, acha kubadilisha kompaila, jaribu PGO (kompaila kujifunza kutokana na programu ikiendeshwa): `-fprofile-generate`, endesha kwa data ya kawaida ya mteja, kisha `-fprofile-use`. Hapo kompaila inajua njia gani ni ya moto na ipi ni ya makosa ya nadra. Kwa kode yenye matawi mengi kama SQLite hiyo huleta zaidi ya kuhama `-O2` kwenda `-O3`.

BintiRongai

Narudi na ripoti. Nimeweka flegi zote, imepungua lakini si kama nilivyotarajia. Nikapiga `nm --size-sort` (orodha ya vilivyomo kwa ukubwa) kwa `.so` kabla ya strip, chini kabisa kumejaa mambo ya locale na stream. Nimetafuta kwenye kode: kuna `#include <iostream>` moja, mtu aliiweka kwa ajili ya mstari mmoja wa logi. Na ninaunga libc++ (maktaba ya C++) kwa static.

Luthuli_Chipu

Logi moja, mizigo ya familia nzima. Toa, weka `__android_log_print`, logi ya Android yenyewe.

MzeeWaTerminali

Na ukishatoa, ongeza `-Wl,--exclude-libs,ALL`. Hiyo inaficha alama za maktaba za static ulizounga, ili gc-sections ipate ruhusa ya kuzitupa. Jenga upya kutoka mwanzo, futa folda ya build kwanza, halafu upime APK ikiwa imebanwa.

BintiRongai

Imeshuka. Hii sasa naweza kumtumia mtu wa bando la siku.